Shuka Juu ya Kioo cha Baa

Nimepika mchuzi wa kondoo miaka mingi katika baa ya Kiairishi huko Forest, mtaa wa Brussels, mimi mwanamke wa Bukavu ambaye kabla ya kufika Brussels sikuwahi kuingia baa hata kuulizia njia. Mchuzi wenyewe ni kondoo, viazi, karoti na vitunguu, basi. Hakuna pilipili, hakuna nyanya. Mwanzoni nilimhurumia kila aliyeuagiza. Baadaye niliuzoea, na sasa mtu akiniambia niongeze kiungo namtolea macho.

Mwenye baa ni Mwairishi wa miaka sabini na kitu, mjane, anayeishi ghorofa ya juu ya baa hiyo hiyo. Mimi humwita patron, yaani bosi. Tunaongea Kifaransa, kila mtu na chake: chake kimepinda kwa Kiingereza, changu kwa Kiswahili, na tunaelewana vizuri kuliko watu wengi waliooana.

Baa ni ya mbao nyeusi, na nyuma ya kaunta kuna kioo kirefu, kutoka ukuta hadi ukuta, na chupa zimepangwa mbele yake. Mkewe ndiye aliyekichagua walipofungua. Alisema baa iliyojaa, ukiitia kioo, inajaa mara mbili. Kwa muda mrefu maneno yake yalikuwa kweli. Zamu ilipotoka kwenye kiwanda cha magari hapakuwa na mahali pa kuweka kiwiko, na Alhamisi jioni walikuja Waairishi wa maofisini na tai zao mfukoni.

Halafu wale wa maofisini wakaanza kufanyia kazi nyumbani, na Alhamisi ikafa. Kiwanda nacho kikafungwa. Vijana wa mtaani waliingia, wakaomba maji yenye limau na neno la siri la intaneti, wakakaa nayo saa mbili. Baa nyingine ya Kiairishi niliyoijua mjini ikawa duka la simu, na nyingine inauza mkate wenye nyama na viazi vya kukaanga. Baa tupu, ukiitia kioo, nayo inakuwa tupu mara mbili. Hilo marehemu hakulisema.

Msifikiri kwamba patron alikaa tu akilia. Alijaribu kila kitu. Alitundika televisheni ya mpira. Watu wakaja, wakanywa glasi moja kwa mechi nzima, wakaenda. Alianzisha usiku wa maswali, wakashinda wale wale watatu mpaka wakachoka kushindana wenyewe. Alimleta kijana wa gitaa, na kwa heshima yake nitasema tu kwamba gitaa lilikuwa zuri. Mimi niliona kosa lake mapema: kila alichojaribu kilikuwa cha kuwavuta watu walioko mbali, na wakati huo huo kuna watu waliokuwa wakipita mlangoni pake kila Jumapili na masufuria mikononi.

Watu hao nawajua kwa sababu nasali nao. Kanisa letu linakodi bohari ya zamani kwa saa, na ibada ikiisha kanisa jingine limeshasimama mlangoni linataka kuingia. Basi tunatoka na wali wetu, maharage yetu na sombe yetu ya majani ya muhogo, tunakula barabarani chini ya miavuli kama watu waliofukuzwa nyumba.

Mwanzoni mwa kiangazi patron aliniita nikiwa namenya viazi. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha mwisho wa kiangazi hicho.

"Mambo yakibaki hivi, sisaini," alisema. "Nitarudi Ayalandi kwa mpwa wangu."

"Utafanya nini huko?"

"Sitafanya kitu. Watu wote ninaowajua kule wako makaburini."

Nilijua maana yake kwangu pia. Mwanamke wa umri wangu hapa mjini akiacha jiko anapewa ufagio wa kusafisha maofisi alfajiri, na magoti yangu hayautaki. Nikapiga moyo konde, nikamwambia habari za watu wenye masufuria.

"Wanakunywa nini?" akauliza.

"Chai. Fanta. Maji."

"Chai naiweza," akasema. "Mama yangu alitulea kwa chai."

Patron alikuwa rahisi. Kazi ilikuwa maman présidente, kiongozi wa kina mama wa kanisa, mtu wa Bukavu kama mimi, ambaye sauti yake ikipanda hata pasta hutazama viatu vyake. Miaka yote alinisalimia vizuri, lakini kwa mbali kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa yule wa kwenye baa. Nilimfuata baada ya ibada, mvua ikinyesha ndani ya maharage yake.

"Maman, pale ni ku bar," alisema. "Batu ba Mungu bataingia mu bar namna gani?"

"Dimanche, siku ya ibada, anafungaka, maman. Itakuwa salle tu, ukumbi wa kukalia."

"Salle yenye kuwa na machupa ku ukuta? Bon. Na muntu akiona pasteur anakaa chini ya whisky, atasema nini?"

"Tutafunika machupa."

Alitazama sufuria lake, akatazama mawingu. "Alors, kama ni kufunika, tufunike muzuri. Hata kizibo kisionekane."

Nilimuuliza patron kama tunaweza kufunika vitu viwili vitatu. Alisema tufunike tunachotaka. Nadhani aliwazia taulo la vyombo.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya shukrani kwa mtoto aliyezaliwa kanisani. Patron aliondoka mapema kwenda Ganshoren, kumwona shemeji yake kwenye nyumba ya wazee, kama afanyavyo kila Jumapili. Kina mama walifika na kuingia kwa mlango wa jikoni, kupitia uani. Mlango wa mbele hakuna aliyetaka kuonekana akiugusa.

Maman présidente alileta mashuka meupe, mapana, yaliyopigwa pasi mpaka yakakakamaa. Alipanda kwenye kiti mwenyewe na pini mdomoni. Alifunika chupa, akafunika mabomba ya bia, akafunika kioo chote kuanzia darini. Saa ya ukutani ilikuwa na mchoro wa glasi ya bia. Akaishusha, ikabaki alama ya duara ukutani. Kisha akafunga mapazia ya madirisha ya barabarani, ili anayepita asije akamwona mlokole ndani ya baa na kupeleka habari hadi Laeken, upande wa pili wa mji, kabla ya chai kupoa. Wakakaa kuzunguka kuta, vitenge vya aina moja na vilemba vyeupe, wakaimba kwa sauti ya chini maana mtoto alikuwa amelala.

Mtu mmoja tu alituponyoka. Mzee wa Kibelgiji, mstaafu wa kile kiwanda, ana kona yake, na kwa jinsi ninavyomjua angekaa pale hata nyumba ikiwaka moto. Aliingia kwa mlango wa mbele, tuliosahau kuutia ufunguo, akavua kofia, akapewa sahani ya wali na sombe, akala yote. Kisha akanitazama kwa macho ya mtoto aliyenyimwa. Nilipitisha mkono chini ya shuka, nikapapasa bomba, nikamjazia bia nyeusi kwenye kikombe cha chai.

Maman présidente haoni vibaya. "Maman, chai ya ule papa iko na povu mingi."

"Ni chai ya Irlande, ya kwao patron."

"Ah bon," akasema, na akageukia upande mwingine. Siku hiyo nilianza kumpenda.

Nilikuwa nimebeba birika la pili niliposikia mlango wa mbele. Patron alisimama kizingitini. Alitazama shuka. Alitazama alama ya duara palipokuwa na saa. Alitazama mapazia, na wanawake wamekaa kimya kimya kuzunguka kuta, maana wimbo ulikuwa umekatika alipoingia. Uso ulimshuka, akavua kofia yake taratibu.

"Nani amekufa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna, patron. Ni sherehe ya mtoto."

Hakunisikia. "Shemeji nimemwacha mzima. Ni nani?"

Nikamshika mkono, nikamkalisha, nikarudia. Hapo ndipo aliponieleza. Kwao, nyumba ikifiwa, kioo hufunikwa, saa husimamishwa, mapazia hushushwa. Majirani huja na kukaa kuzunguka kuta. Kioo kile kilikuwa kimefunikwa mara moja tu tangu kitundikwe, siku mkewe alipofariki huko juu, na aliyekifunika ni yeye mwenyewe.

"Basi aliyekufa ni baa," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. "Ni sawa. Mmeiwahi kidogo tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimehangaika kiangazi kizima ili mlango ule usifungwe, na sasa tulikuwa tumemwandalia mtu msiba wake, mpaka na vilemba.

Maman présidente alikuja kuuliza kuna nini. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi yake alifiaka hapa?"

"Hapa juu."

Alivuta kiti chake, akakaa karibu na patron, bega kwa bega, akakunja mikono. Mwingine akavuta chake, na mwingine. Kwetu mfiwa hapewi hotuba. Unakaa naye tu. Hakuna aliyejali kwamba msiba ulikuwa wa miaka mingi iliyopita, wala kwamba marehemu wa leo alikuwa baa ya mbao. Walianza wimbo ule tunaouimba matangani, polepole, na mzee wa kiwandani akaweka kikombe chake chini.

Wimbo ulipoisha patron aliinuka akashika birika. Kwao mwenye msiba ndiye anayewapa chai waliokuja. Maman présidente naye akalishika birika hilo hilo, kwa sababu kwetu mfiwa hainui hata kijiko. Wakavutana, wazee wawili, kila mmoja na heshima zake, hakuna aliyekumbuka Kifaransa, chai ikimwagika sakafuni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Mwishowe patron alimimina, na maman présidente akashika vikombe.

Baada ya kumpa kila mtu, patron alienda nyuma ya kaunta. Akaanza kuchomoa pini za juu, moja moja. Kina mama wakabana pumzi kwa wasiwasi. Mmoja alimfunika mtoto uso. Lakini shuka hakuliondoa. Alilikunja tu kutoka juu hadi usawa wa vifuniko vya chupa, akalibana tena. Chupa zilibaki zimefichwa, na juu yake kioo kikawa wazi.

"Waambie chupa ni zao," akaniambia. "Kioo nakitaka mimi."

Ndani ya kioo vilionekana vilemba vyeupe, safu mbele ya safu, pasta anamalizia maharage, mzee wa kiwandani, mtoto ameamka. Wote mara mbili. Patron aliegemea kaunta akiwa amewapa watu mgongo, akawatazama humo. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa.

"Hakuna aliyekufa," akasema.

Alisaini mwisho wa kiangazi. Sitaki kudanganya: Jumatatu bado ni tupu, na wako wateja wa zamani waliosema hawawezi kunywa mahali panaponuka samaki wa kukaanga wa kina mama, wakahama. Waende salama. Jumamosi sasa watu wa harusi huuliza ukumbi, na mchana wa katikati ya wiki mama wenye watoto wachanga huja kwa chai na mchuzi wangu, ambao mpaka leo hauna pilipili. Kila Jumapili kabla ya kwenda Ganshoren, patron hulitandaza shuka mwenyewe hadi kwenye alama ya chaki aliyoichora maman présidente, kisha hukifuta kioo kwa gazeti na siki.

Juzi maman présidente alinivuta pembeni. Mmoja wa wazee wetu ni mgonjwa sana, na alitaka kujua kama ikitokea lolote, patron atakubali matanga yawe pale. Nilimuuliza akiwa anapanga glasi. Alisema ndiyo, mlango utakuwa wazi, na chai itakuwepo kwa wote. Na siku hiyo, akasema, kioo atakifunika yeye.