Mtama Uliopikwa Msibani

Nyamizi alihamia Usangu na mumewe Budeba wakiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga. Ng'ombe walikuwa wa Budeba. Nyamizi yeye alikuja na mbegu ya mtama mwekundu aliyopewa na mama yake, mtama ambao bua lake hutafunwa kama muwa.

Majirani, wakulima wa mpunga, waliuona ni mchezo wa watoto. Nyamizi aliyakamua mabua, akachemsha maji yake mpaka yakawa mazito kama asali. Majani yakaliwa na ng'ombe. Ila bua lilirefuka mno, upepo ukalilaza, na suke lilikuwa jembamba.

"Mtama wako una kila kitu isipokuwa ugali," Budeba alimtania.

Adrian, mtafiti wa mbegu kutoka Mbeya, ndiye aliyemfundisha kuuchanganya na mtama mfupi wenye suke nene: kuondoa chavua kwa kibano kabla ua halijafunguka, kulipaka chavua ya mtama wa pili, kisha kulifunika suke kwa mfuko wa karatasi. Tangu hapo, kila msimu Nyamizi alipanda, akatafuna, akachagua. Mingine ilitoka mitamu lakini mirefu, mingine mifupi isiyo na ladha.

Mwaka juzi ukatoka alioutaka. Budeba alivunja bua moja, akalitafuna mpaka mwisho.

"Sasa umeupata," akasema.

Adrian akaahidi kwa simu kuja kuchukua mbegu zikajaribiwe Mbeya na Iringa. Nyamizi akayaning'iniza masuke juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu.

Kabla Adrian hajafika, Budeba aliugua tumbo ghafla. Nyamizi alimpeleka hospitali mjini Mbeya, akarudi na maiti.

Alikuta nyumba imejaa watu. Catherine, dada yake Budeba, ndiye aliyekuwa akisimamia jiko. Baada ya mazishi akamletea wifi yake sahani. Ugali ulikuwa mwekundu.

"Wifi, unga huu mmeutoa wapi?"

"Unga ulituishia, na wachimba kaburi walikuwa hawajala. Tukatwanga yale masuke ya jikoni kwako."

Nyamizi aliwatazama waombolezaji wakinawa mikono.

"Wameshiba?"

"Wote."

"Haya."

Akamega tonge, akala.

Adrian alipokuja kutoa pole, alikuta jiko limefagiliwa. Nyamizi akamweleza kwamba alikuwa ametafuta hata punje moja, lakini kuku walimtangulia. Shambani nako ng'ombe, waliokosa wa kuwachunga siku ya msiba, walikuwa wamekula mabua hadi mizizi. Catherine, aliyekuwa akimimina chai, aliyasikia yote. Akaiweka birika chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje, wifi? Watu walikuwa na njaa. Na wewe ulikuwa umetoka kumzika kaka yako."

Adrian aliinamisha kichwa. "Laiti ningewahi kuja, mama," akasema. Kisha akaeleza kwamba mbegu za mitama ile miwili ya awali bado zipo, wanaweza kuanza upya.

Mvua ziliponyesha, Nyamizi aliipanda na kuichanganya tena. Catherine alikuja kila asubuhi kufukuza ndege, bila kuitwa. Mabua ya kwanza ya mchanganyiko mpya yalitoka msimu huu. Nyamizi alionja moja baada ya jingine, akatema. Hayakuwa na utamu. Akaketi ukingoni mwa shamba, na Catherine akaketi kando yake. Wakakaa hapo mpaka jua lilipokuwa kali.