Uji wa Panya

Siti hakuwa mwanamke wa kutulia hata siku njema, na wiki ile siku njema hazikuwapo. Angeanza kufagia kibaraza cha nyumba yao hapo mtaa wa Buyenzi, akaacha katikati, akaingia ndani kumtazama binti yake Dalia, akatoka tena asijue ufagio ameuweka wapi. Mafundi wa gereji ya jirani walishamzoea. Wakimwona anapita tena na ndoo ile ile tupu, walijua akili yake iko kazini Mutanga Nord, kwa panya wake.

Kazi yake ilikuwa kuwalisha panya katika maabara ndogo ya dokta Adélaïde. Panya wale walikuwa wametiwa kitu cha kuvimbisha utumbo, halafu nusu wakawa wananyweshwa maji ya majani ya Bi Amira na nusu maji matupu, ili ijulikane kama majani yanatibu kweli. Bi Amira ni mama wa marehemu mumewe Siti, na majani yake yametuliza matumbo ya Buyenzi tangu kabla Siti hajaolewa. Fungu la kwanza la majani hayo Bi Amira alilipeleka mwenyewe kwa dokta, amevaa kitenge chake cha Idi.

Ingekuwa hayo tu, Siti angelala usingizi. Lakini Dalia naye alikuwa na utumbo uliovimba. Alikuwa amekonda mpaka sketi zake za chuo zinafungwa kwa pini, na kila akienda msalani ni damu, hadi hospitali walipompa vidonge na damu ikakata. Bi Amira hakuvipenda vidonge vile hata kidogo, maana vilimvimbisha mjukuu wake mashavu. Basi yeye na Siti wakapatana: panya wakipona, Dalia ataacha vidonge na kushika majani, wasipopona, Bi Amira atanyamaza. Siti alikubali haraka haraka ili maneno yaishe, na tangu hapo hakukalika naye.

Panya wakapona. Dokta alipowapasua alimwita Siti aje ajionee. Matumbo ya wale wa maji yalikuwa mekundu na mazito. Ya wale wa majani yalikuwa laini, karibu sawa na ya mnyama mzima. Adélaïde, ambaye kumwona anacheka ni bahati, alicheka, akasema résultat kama ile, matokeo mazuri hivyo, hajapata kuiona, na pale pale akampigia Bi Amira simu. Siti naye alifurahi sana. Alifurahi mpaka alipogeuka kuosha vyombo, akaliona kwenye sinki bakuli lake dogo la uji.

Nyumbani kwa Bi Amira dawa haiingii tumbo tupu. Mgonjwa hunywa kwanza uji mwepesi, akakaa kidogo, ndipo apewe majani. Siti aliishika desturi hiyo tangu alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na mkono wake uliifuata bila kukiuliza kichwa. Kila asubuhi aliwapa panya wa majani uji wao kwanza. Wale wa maji hakuwapa. Awape wa nini? Maji si dawa.

Aliteremka kwa miguu kurudi nyumbani, akaupita mtaa wa Rohero wote bila kuona duka hata moja. Je, waliopona wamepona kwa majani, au kwa uji? Dokta hawezi kujua, kwa sababu hajui kwamba uji ulikuwapo. Siti akisema, kazi inaweza kumtoka, na mama mkwe ataaibika mbele ya mtaa ambao bila shaka ameshautangazia. Akinyamaza, ni Dalia atakayeumia damu ikirudi. Aliongeza mwendo, akapunguza, akaongeza tena.

Alipofika nyumbani, sufuria ya majani ilikuwa imeshachemka. Vidonge havikuwapo tena juu ya kabati, na Dalia alikuwa amekaa mkekani, anangoja kikombe chake. Siti alitoka hadi mlangoni, akampigia dokta simu, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Adélaïde alimuuliza tena ili awe na hakika.

“Mama Dalia, siku zote hizo?”

“Ndiyo, dokta. Sikujua ni kosa.”

“Bon. Kazi yote inaanza upya. Na uji utapatia panya bote, ao usipatie hata mumoja.”

Dokta alikata simu bila kuaga. Siti aligeuka, akamkuta Bi Amira amesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

“Uliwapa uji mbele ya dawa?” aliuliza Bi Amira.

“Ndiyo, mama.”

“Ni vile nilikufunza.”

Alirudi jikoni. Siti alitamani kumfuata, akaogopa. Hatimaye bibi alitoka na bakuli la uji, akaliweka mbele ya Dalia. Kisha akafungua fundo la pindo la kitenge chake, akatoa pakiti ya vidonge, akakibana kimoja kiganjani.

“Kunywa uji kwanza, mutoto wangu,” alisema. “Hata hii dawa yao ya hospitali haiingie mu tumbo tupu.”