Mama Hujambo na Ruta ya Mapokezi

Hospitalini kwetu mtaalamu wa mtandao tunamwita Mama Hujambo. Si kwamba anasalimia watu, thubutu! Utampita na ndoo yako asikuone. Anazosalimia ni ruta, vile visanduku vinavyogawa mtandao. Ameandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akitumia maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wataalamu wengine, vinavyojua kuziuliza ruta hali zao. Kila dakika tano programu inapita wodi zote: unawaka? Tangu lini? Ruta zinajibu, naye anatabasamu peke yake, chai imeshapoa.

Mimi ni mfagiaji. Jumatatu moja programu ikatangaza kwamba ruta ya mapokezi ilizimika na kuwaka upya saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nani alikuwa akideki mapokezi saa hiyo? Mimi hapa. Na msimamizi alishaapa kwamba atakayechomoa waya wa ruta atafungasha virago, maana mafaili ya wagonjwa yote yanapita humo.

"Sijagusa kitu, bosi!"

"Mashine haina chuki na wewe, dada. Saa sita njoo uchukue barua yako."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamvamia Mama Hujambo ofisini kwake, fagio mkononi.

"Hebu niambie, mama. Kama niliizima, mbona watu wa mapokezi hawakupiga kelele? Wale mtandao ukikatika nusu dakika tu, hakukaliki!"

Akavuta kalenda, akahesabu kwa kidole mwezi baada ya mwezi, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. Ruta inahesabu muda wake kwa vipande vidogo vya sekunde, akanieleza, na hesabu ikijaa inarudi sifuri, kama ya kilomita kwenye gari kuukuu. Hujaa baada ya siku mia nne tisini na saba. Programu iliona sifuri, ikadhani ruta ilizimwa.

Angeweza kurekebisha kimyakimya. Badala yake akanishika mkono hadi kwa msimamizi, watu wote wakisikia.

"Kosa ni langu," akasema. "Ruta haijazimika tangu niiwashe. Siku mia nne tisini na saba dada huyu anadeki chini ya waya zile, na hajautikisa hata mmoja."

Msimamizi akaichana barua. Mimi nililia, sioni haya kusema. Hakuna aliyewahi kuihesabu kazi yangu.