Muhogo Ulioachwa Kashi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nijibu kwa Kiingereza chako ukitaka, najua Kiswahili unakielewa.

Nilimpeleka mama yangu Kashi, mji wetu mtakatifu sisi Wahindu, kule India kando ya mto Ganga. Nilikuwa msichana, nimetoka Landani na viatu vya bei, na kila kitu kinaniudhi: vichochoro, ng'ombe waliolala njiani, moshi wa maiti zinazochomwa ukingoni. Mama hakuudhika. Aliingia hekalu hadi hekalu miguu mitupu, akigusa kila kizingiti kisha paji la uso wake.

Huko kuna desturi. Anayehiji huacha chakula kimoja anachokipenda, asikile tena mpaka kufa. Mimi niliacha karela, mboga chungu ambayo sijapata kuipenda. Mama akaacha muhogo wa nazi. Alizaliwa Tanga, na kila Jumapili, hapa hapa Ilford, mtaani kwetu Landani, muhogo ndio uliokuwa ukimrudisha kwao.

"Muhogo, mama? Si uache kingine?"

"Nikiacha nisichokipenda," alisema, "nitakuwa nimeacha nini?"

Niliona haya, lakini sikubadilisha yangu.

Miaka ikapita, mama akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya stesheni, kisha jina langu. Hata Kigujarati, lugha ya wazee wetu, kilimtoka, akabaki na Kiswahili cha utotoni. Majira ya baridi yalipoingia akaanza kuomba: "Dada, nipe muhogo wa nazi." Mimi mwanawe wa kumzaa, aliniita dada.

Nilimkatalia. "Mama, uliuacha Kashi," nilimwambia, naye akalia kama mtoto anayenyimwa bila kosa. Kesho yake akaomba tena, nikakataa tena. Baridi yote ikaenda hivyo. Nilijiona mtu wa dini kwelikweli, mlinzi wa ahadi ya mama mbele ya Mungu. Kumbe nilikuwa nafidia karela yangu.

Mwishowe nikaenda hekaluni kumweleza kuhani, na sikufichi, nilitarajia sifa. Alikuwa mzee wa Mombasa, mtu asiye na haraka.

"Mama yako aliacha muhogo ili moyo wake usiing'ang'anie dunia," alisema. "Sasa hata wewe hakukumbuki. Unataka aachie nini tena? Nenda kampikie, binti."

Nilipitia sokoni Barking kununua muhogo na nazi, nikaupika jioni ile ile. Mama aliitazama sahani.

"Nini hiki?"

"Muhogo wa nazi, mama. Ule uliokuwa ukiuomba."

Akaonja kidogo, akaisukuma sahani kwa adabu ya mgeni. "Ahsante, dada. Mimi chakula cha kwenu sijakizoea."

Hakuuomba tena hadi alipofariki. Niliula mwenyewe jikoni, umeshapoa, na nililia sana.

Basi shika hili, mwanangu. Nadhiri ya mtu ni yake na Mungu wake. Usimshikie kwa nguvu wakati yeye mwenyewe hana tena uwezo wa kuishika. Na mzee akikuomba kitu, mpe siku anayokuomba, maana kesho huenda yeye yupo na hamu haipo. Mungu akujalie moyo mwepesi wa kutoa, na akuwekee watu watakaokuhurumia siku akili yako itakapochoka.