Jicho la Tembo kwenye Mlango wa Lori

Mwezi uliopita nilikuwa Segera nasubiri basi la kwenda Handeni, pua yangu ikanasa harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nikageuka. Vijana wawili walikuwa wanapaka kibanda cha kuuzia vocha. Kampuni ya simu ilikuwa imebadilisha nembo tena, ile ya mwaka juzi inafunikwa ije nyingine, na mwenye kibanda amekaa juu ya kreti la soda anakula muhogo wake, hana habari. Pembeni, mahali ubao ulipobanduka, nilihesabu rangi tatu, moja juu ya nyingine. Nilisimama pale mpaka utingo akaniita, na moyoni nikasikia kitu ambacho mwanamke wa umri wangu huona haya kukitaja. Nilisikia wivu, ule ule wa nilipokuwa na miaka kumi.

Ngoja niwaeleze, ila msinihukumu kabla sijamaliza.

Baba yangu alikuwa fundi rangi kwenye shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Watu walimwita Fundi Salehe. Alipaka milango ya ofisi, madirisha ya mabwana na matangi ya maji, lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa alama ya kampuni. Siku hizi mnaita nembo. Ilikuwa tembo mweusi ndani ya duara la njano, mkonga juu, na alikuwa kila mahali: kwenye lango, kwenye milango ya malori manne, na kwenye kila robota la nyuzi, ambako alipigwa kwa bati lililokatwa umbo lake. Nilimjua tembo huyo kabla sijajua kusoma. Siku mwalimu alipotuonyesha picha ya tembo wa porini nilibishana na darasa zima kwamba tembo si wa kijivu.

Kila mwaka kabla ya masika Baba aliwapaka upya tembo wa malori, na hapo ndipo ulipokuwa utajiri wangu. Akishamaliza kila kitu aliniinua kwa mkono mmoja, akanipa brashi ndogo kuliko zote, nami nikatia nukta nyeupe katikati ya jicho.

"Mpe jicho, Zubeda, aone njia," alikuwa akisema.

Nukta moja kwa kila lori. Mwaka uliofuata nukta nyingine juu ya ile ile, na mwingine tena. Dereva akinikuta njiani Manundu, pale Korogwe mjini, alinipigia honi, na mimi nilitembea nimenyanyua mabega, maana gari lile liliona njia kwa jicho langu mimi.

Halafu akaja Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa binti wa kaka mkubwa wa Baba. Baba yake alifariki mimi bado nabebwa mgongoni, naye akalelewa na Bibi kule Handeni. Kuhusu kifo hicho sisi watoto tuliambiwa ni ugonjwa tu, na mtu akimtaja marehemu, Baba alichukua kofia yake akatoka nje. Bibi alipoanza kushindwa kuona, Mwanahawa akaletwa kwetu na kisanduku chake cha bati. Mimi niliyekuwa mtoto wa kwanza nikaamka asubuhi moja nina mkubwa wangu. Nilitakiwa nimwite dada. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja, akamwamkia kila mtu mzima aliyepita, na mama yangu akapata la kusema tangu asubuhi hadi jioni: mtazame mwenzio. Nilimtazama, na nilivyozidi kumtazama ndivyo nilivyozidi kumchukia.

Mwaka ule ndio mashamba yalipotaifishwa. Mzungu meneja akaondoka na mbwa wake wawili, akaja meneja mwenzetu mwenye shati la mikono mifupi. Tuliandamana, tukaimba, na mimi niliimba mpaka sauti ikanikauka. Nilidhani jambo lenyewe linahusu mkonge. Sikujua linamhusu tembo wangu, mpaka mwenyekiti wa tawi la chama alipokuja kwetu na kumwambia Baba kwamba tembo yule ni bepari, afutwe. Alama mpya ingekuwa mikono miwili ya mfanyakazi imeshika fungu la majani ya mkonge.

Baba alikuwa hachori kitu bila kukiangalia. Jioni ile alituita uwanjani akasema anataka mikono. Nikakimbia kunawa kwa sabuni. Nikamnyooshea. Aliishika, akaigeuza juu chini, akasema kwa upole, "Hii ya kwako ni ya kwa mama yako." Kisha akamwita Mwanahawa. Mwanahawa alikuwa na kidole gumba kilichopinda kwenda nyuma, na vidole virefu vyenye vifundo. Baba aliitazama mikono ile kwa muda mrefu sana, kisha akamkalisha kwenye kigoda.

Alasiri tatu alikalishwa pale ameshika fungu la majani, na Baba anamrekebisha vidole kwa sauti ya chini nisiyoisikia. Mimi nilipewa ufagio. Majirani walipita wakasema mtoto huyu ana bahati, atazunguka hadi Tanga mjini bila nauli. Shuleni nikaulizwa kama ni kweli dada yangu anawekwa kwenye malori. Usiku nililala nimeilalia mikono yangu ya kwa mama.

Lori la kwanza lilitoka zuri, siwezi kusema uongo. Baba alimpiga tembo msasa kutwa nzima, akapaka nyeupe, na juu yake mikono ikakaa imeshika mkonge, na gumba lile limepinda vile vile. Nikasubiri kuitwa kutia nukta. Mikono haina jicho. Hakuna aliyeniita.

Ijumaa, Baba alipokwenda msikitini, nilichukua chupa ya mafuta ya taa nyumbani nikaimimina yote kwenye kopo la rangi nyeupe iliyobaki kwa malori matatu. Nikakoroga kwa kijiti. Nilijua ninachofanya, maana nilikuwa nimemwona Baba akipima mafuta yale kwa kifuniko, akisema yakizidi rangi haishiki, inalala tu juu juu. Baba aliporudi aliilalamikia rangi, lakini ghalani hakukuwa na kopo jingine. Akapaka tabaka tatu badala ya mbili, ikafunika.

Jioni Mama alitikisa chupa tupu akauliza nani kamaliza mafuta.

"Ni mimi, mama mdogo," Mwanahawa akasema. "Yamenimwagikia."

Alikaripiwa, tukala gizani. Mimi sikushukuru hata kidogo. Nilikaa nafikiri kwamba huyu mtu kila kitu anakitaka kiwe chake, hata kosa.

Mvua zikanyesha. Ikaja habari kwamba mgeni anakuja kutoka wilayani, malori yaoshwe yabebe kwaya. Madereva wakayasugua kwa brashi na sabuni ya magadi. Tulikuwa tumejipanga kandokando ya barabara na matawi mikononi lori lilipokata kona, na katikati ya mikono miwili ya mfanyakazi, juu kidogo ya majani, lilikuwepo jicho. Jicho jeusi lenye nukta nyeupe.

"Jamani, Mzungu anatuchungulia!" mama mmoja wa kwaya akapaza sauti.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lori la pili likaja, nalo lina jicho. La tatu vile vile; lile lililopakwa kwanza tu ndilo lililobaki safi. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Mgeni alipoondoka alimwita Baba mbele ya ofisi, watu wakisikia.

"Fundi, nilikwambia umfute bepari wako."

"Nilimfuta, mwenyekiti."

"Sasa hili jicho la nani?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Angeweza kusema rangi ilikuwa mbovu, kila mtu ghalani alijua.

Akavuliwa brashi, akapelekwa kukata mkonge. Aliyeishi mashambani anajua maana yake. Alirudi jioni ncha za majani zimemtoboa viganja, vidole vimevimba hata kikombe hakishikiki. Mwanahawa alichemsha maji ya chumvi, akamkalisha, akamtoa miiba mmoja mmoja kwa sindano. Mara ya kwanza nilikwenda pale nimedhamiria kusema kila kitu. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilimkuta ameinamia mkono wa Baba, na Baba amefumba macho kwa kuliwazika, nikaona hata hilo limeshachukuliwa. Nikarudi nilikotoka. Mnaweza kunicheka au kunisikitikia, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa: nilimwonea mtu wivu wa kumtoa baba yangu miiba niliyomchoma mimi.

Baada ya msimu ule Baba aliacha kazi, tukahamia chumba cha kupanga Manundu. Aliandika vibao vya maduka, herufi tupu. Picha hakuchora tena, alisema vidole vimekuwa vizito. Shamba likaletewa fundi mwingine, akachora jembe. Baadaye jembe nalo likafutwa, ikaja herufi tatu ndani ya pembetatu, na wenyewe wa sasa wana kijani fulani kisichoeleweka ni jani au ndege. Baba alifariki sijamwambia.

Basi, hiyo ndiyo harufu iliyonikuta Segera. Na safari yangu ilikuwa ya kwenda kwa huyo huyo Mwanahawa, ambaye aliolewa Handeni na ameshakuwa bibi wa wajukuu tisa. Nilikuwa sijafika kwake miaka mingi, kila mara nina sababu. Safari hii nilikuta amejenga jiko jipya nyuma ya nyumba, na mlango wa jiko hilo ni mlango wa lori. Lori la kwanza. Shamba lilipouza vyuma chakavu alimsumbua mumewe mpaka akaufuata. Nyeupe ilikuwa imekuwa manjano kwa moshi, lakini mikono ipo, na gumba limepinda.

"Bado unajipenda, dada," nikasema. Nilitaka iwe utani.

"Hiyo siyo mikono yangu, mdogo wangu. Ni ya baba yangu." Akaweka sufuria chini. "Mashine ya kusaga mkonge pale shambani, ile korona, ilimvuta mikono yote miwili. Ndiyo iliyomuua. Mimi simkumbuki hata sura. Baba mdogo alinishika vidole pale kwenye kigoda, akaniambia, shika hivi, baba yako alikuwa anashika hivi. Akasema malori ya shamba yataibeba mikono yake kila yaendako, na wakubwa hawatajua."

Nikakaa kwenye ndoo. Ndipo nikamwambia habari ya chupa ya mafuta ya taa. Alicheka.

"Ulinuka siku mbili! Nilidhani unajua kwamba najua."

Nikaomba radhi kwake na kwa baba zetu wote wawili. Alinishika mkono, akachukua kidole changu cha shahada, akakipeleka mlangoni, katikati ya mikono miwili, juu kidogo ya majani. Akakisugua pale taratibu. Chini ya nyeupe kulikuwa na kinundu, kidogo, kadiri ya punje ya mtama.

"Alimpiga msasa tembo mzima, hapa akaruka," akasema. "Nilikuwepo. Nikamwambia, baba mdogo, umebakiza. Akasema, hilo si la kampuni, hilo ni la Zubeda."

Kwa hiyo kwenye yale malori matatu jicho lilitoka kwanza kwa sababu hata huko hakulikwangua. Na mwenyekiti alipouliza ni la nani, Baba alikuwa na jibu, akalimeza, akaenda kukata mkonge.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa hutaki kusemeshwa na mimi," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilibaki nimeegemea ule mlango, kidole changu juu ya nukta zangu, mpaka chai ikapoa. Na Mungu anisamehe, pale pale nilimwonea wivu upya. Maneno yale yalikuwa yangu, na aliyeyasikia kwa sauti ya Baba ni yeye.