Nyundo ya Mpera

Shemeji yangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Kobe. Kazi yake ikitoka haina kasoro, lakini mpaka itoke utakuwa umeota mvi.

Dada yangu alimpenda hivyo hivyo. Kila mwaka walikwenda kupiga hema kando ya bwawa, huko juu milimani, wao wawili tu kama wachumba. Safari iliyopita nyundo ya chuma ilivunja vigingi vya plastiki, hema likawafunika kama kuku tengani. Dada alicheka hadi machozi. Kobe akaapa kwamba safari ijayo atakuwa na nyundo ya mbao, tena ya mkono wake mwenyewe.

Kisha dada akaanza kuugua. Daktari hakuficha kitu: kama kuna mahali wanataka kwenda, waende mapema, angali anatembea.

Mtu mwingine angeokota jiwe akaenda zake. Kobe aliangusha mpera wa uani, akakata kipande cha gogo, akakipaka nta ncha zote mbili kisipasuke, akakisukuma chini ya kitanda cha mgonjwa, maana chumba kile ndicho kikavu kuliko vyote. Kikiacha kupungua uzito, alisema, kimekauka.

Basi kila Jumapili akawa anakipima kwenye mizani ya jikoni.

"Kimepungua tena!" anatangaza.

"Hata mimi," dada anajibu kutoka kitandani, anacheka.

Mimi sikucheka. Nilimfuata jikoni. "Shemeji, unapima gogo, mkeo humwoni? Nguo zinamvuka!"

"Haraka haraka haina baraka, shemeji."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Nilitaka kumtupia ile mizani. Yeye akainama, akaanza kuifuta kwa kitambaa.

"Tukishaenda," alisema, "tutabaki tunangoja nini?"

Hasira zikaniishia palepale. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, naye akaendelea kufuta mizani iliyokwisha kung'aa.

Gogo lilikauka, kama magogo yote. Aliitengeneza nyundo kwa siku moja: akatoboa tundu, akapachika mpini, akaugongea kabari, akaipiga msasa ikawa laini kama shavu la mtoto. Wakati huo dada hakuwa akiinuka tena. Kobe aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, akamwekea nyundo kiganjani. Mkono ukazama nayo kwenye blanketi.

Dada aliipapasa taratibu kwa kidole gumba. "Haina hata ufa."

"Tunaondoka Jumamosi," Kobe alisema mbio mbio. Sikuwahi kumsikia akiharakisha neno maishani mwake. "Nimeshaongea na mwenye gari. Hema nimelianika. Jumamosi asubuhi."

Dada alimtazama muda mrefu, kwa huruma.

"Utaenda na nani, mume wangu?" akamuuliza.