Funza Yangu Haitavaa Dhahabu

Upumbavu wa kwanza ni wangu: niliingiza pua ndani ya chupa ya labo bila maski. Nilikuwa ninalipiza kisasi.

Kisa ni funza. Maman aliitoa kwenye kidole changu cha mguu kwa pini. Yaya, dada yangu mkubwa anayesoma biolojia chuo kikuu, akaidaka na kuitia ndani ya kichupa. Ingepelekwa Kampala ipigwe picha na mikroskopi ya elektroni, kwa memwari yake ya kumaliza masomo. Sawa. Lakini kwa nini atangazie kartye nzima, mtaa wote, imetoka mguu wa nani? Kwenye mupira hakuna aliyeniita tena jina langu.

"Papa Funza, piga pasi!"

Hata golikipa, ambaye anaoga kwa kulazimishwa.

Jumamosi nikatumwa kumpelekea Yaya chakula kwenye labo, maabara ya chuo. Amevaa glavu, miwani, maski, anajigamba: kwanza dawa ya kugandisha mdudu asioze, kisha alkoli, kali na kali zaidi, mpaka maji yote yatoke. Mikroskopi ile inanyonya hewa yote; mdudu akibaki na maji, anakunjamana.

"Halafu kule wanamupaka dhahabu, kidogo tu."

Dhahabu! Mimi niliyeliwa navaa kandambili, funza iliyonila ivae dhahabu!

Alipotoka kunawa mikono ale, nikatafuta kichupa cha alkoli chenye funza. Lotoko, pombe kali ya jirani, naijua kwa harufu, basi nikanusa. Kumbe chupa ya kwanza ni ile dawa ya kugandisha. Macho yakawaka kama nimepakwa pilipili. Nikapapasa hivyo hivyo, nikanusa ya pili kwa mbali: lotoko kabisa. Nikamimina humo maji yangu ya kunywa.

Yaya alinikuta ninalia, akaniburuta hadi robine, akakishika kichwa changu chini ya maji.

"Weye mutoto, unataka kuwa kipofu? Fungua macho! Fungua!"

Mimi moyoni: jikunje, funza, jikunje.

Ikajikunja. Alipoikausha, ilibaki kama ganda la haragi. Msafiri wa kuipeleka Kampala anaondoka wiki ijayo, na bila picha hakuna memwari. Yaya alilia nyumbani mbele ya Maman, kisha akayatazama macho yangu mekundu, akaelewa. Nilicheka. Fimbo ije, nilikuwa nimeshashiba kisasi.

Maman hakushika fimbo. Alichukua ile pini, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Leta mguu ingine, tuone."